Zimwi Asiyetoa Salamu

Ijumaa ile nilikuwa nimebakiza kurasa mbili tu nimuue zimwi wangu, na sikuwa na hamu ya kumuua.

Nilikuwa nikimwandika kwenye daftari la shule, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana niliwasomea wenzangu wa chumba tulichopanga Muraqqabat, Dubai. Nyumbani Tanga nilisomea ualimu, lakini huku nilikuwa naandikisha mizigo katika ofisi moja ya Freezone, eneo la biashara huru, siku nzima namba juu ya namba. Kusoma mbele ya watu kulinitia haya. Hata hivyo, wenzangu walipocheka nilijisikia mtu.

Na walicheka sana, kwa sababu zimwi wangu alivaa buti nyeusi. Alirudi kijijini alfajiri, akapita katikati ya watu bila salamu, akajifungia pangoni. Sikuandika jina, lakini sote tulijua ni Prossy.

Prossy alikuwa Mganda, mlinzi wa zamu ya usiku, mrefu, mwenye mabega mapana. Chumba kilikuwa na wanawake wanane na bafu moja. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi, sisi tukigombania bafu. Alivua buti mlangoni, akapita kimya mpaka kitandani kwake na kushusha pazia. Miezi miwili hatukusikia hata "hamjambo". Wangari ndiye aliyeanza kumwita Zimwi. Mimi nikamwandika.

Kisha Jumatano nilimsikia akizungumza na msimamizi wa nyumba kwenye simu. Jumamosi angehamia mtaa wa Qusais. "Hapa watu hawanitaki," alisema. Tangu hapo kila nilipolishika daftari nilisikia aibu. Nilitaka kumwomba abaki, lakini ningemwambia nini?

Kwa kawaida Ijumaa mchana alikuwa lindoni kwa zamu ya ziada, lakini Ijumaa hiyo, kumbe, alikuwa amebadilishiwa siku ya mapumziko. Alikuwa humo humo chumbani, nyuma ya pazia lake, nasi hatukujua.

"Masuda, si usome!" Wangari alisema. Yeye ni Mkenya, mhudumu wa hoteli, na subira hana. "Tumchome huyu mtu tumalize."

"Labda Ijumaa ijayo."

"Ijayo gani? Nimebadilisha shifti juu ya huyu zimwi!"

Nikaanza kusoma kwa sauti ndogo. Nilipofika pale zimwi anaporudi alfajiri, nikaruka sentensi moja.

"Aki, umeruka buti!" Wangari akapiga kelele.

Bi Ummi, mkubwa wetu, Mzanzibari anayeshona mabuibui Deira, akainua macho kutoka kwenye pindo lake.

"Mie hilo la kumchoma silitaki. Kwanza nambieni, huyo zimwi kazaliwa mbaya, au wamemfanya?"

"Bi Ummi, zimwi ni zimwi. Alitoka tumboni na meno," Wangari akajibu.

"Mwanangu wa pili naye alizaliwa na jino. Mbona hajamla mtu?"

"Huyu hasalimii! Mtu asiyesalimia ana nini moyoni?"

Pazia likafunguka. Prossy aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu mitupu.

"Nauliza," akasema. Kiswahili chake alijifunza lindoni, kifupi kifupi. "Huyo zimwi, kuna mtu alimuuliza kwa nini hasalimii?"

Wote wakanigeukia. Haki yao, mimi ndiye niliyemwandika.

"Hapana," nikasema. "Sikuuliza. Zile buti nilizichukua kwako, dada Prossy. Nisamehe."

"Najua. Nani mwingine hapa ana buti?" Hakutabasamu. "Mimi bibi alinilea. Kwake hutoi salamu kabla hujanawa uso. Unampa mtu uchafu wa usiku. Natoka lindo, nina vumbi, nina jasho. Nyinyi mnaenda kazini, nawaachia bafu. Nikitoka kunawa, banange, jamani, chumba kitupu. Nisalimie vitanda?"

Wangari aliangua kicheko, halafu akaziba mdomo. "Kwa hivyo hii miezi yote umekuwa ukitupisha?"

"Nikiingia bafuni, mabasi ya kazi yatawaacha," Prossy akasema.

"Khalas," Bi Ummi akasema. "Kuanzia sasa Prossy akiingia, bafu lake. Mwenye neno aje kwangu."

"Dakika tano," Wangari akasema. "Sita hapana. Na mazimwi yamezaliwa hivyo, sibadilishi. Ni huyu mmoja tu amesingiziwa."

Sikujua kama hayo yangetosha. Nikaenda kukaa karibu na Prossy.

"Kesho bado unaondoka?"

"Nimeshamwambia msimamizi."

"Unaweza kumpigia tena."

Aliguna, akanyoosha mkono, nikampa daftari. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno. Mahali pamoja alicheka, lakini hakunionyesha wapi.

"Buti ziache, ni nzuri," akasema akinirudishia. "Lakini mpe maji."

Jumamosi ikapita, na sanduku lake halikutoka chini ya kitanda.

Jumapili saa kumi na mbili mlango ulifunguka. Wangari alikuwa bafuni, povu mdomoni. Akatoka hivyo hivyo na mswaki wake, Prossy akaingia. Tukangoja, kila mtu akijifanya anatafuta kitu. Alipotoka uso wake ulikuwa unang'aa kwa maji. Alianza na Bi Ummi, akampigia goti kama ilivyo kwao. Akamuuliza alilalaje, watu wa nyumbani wanaendeleaje, akamshukuru kwa kazi ya jana. Akaja kwangu na yale yale, taratibu, hakuruka hata moja. Tangu nimuage mama sikuwa nimesalimiwa hivyo.

Wangari alikuwa wa mwisho. Huko chini basi la hoteli lilikuwa linapiga honi.

"Na mama yako, Wangari, ameamkaje?"

"Yuko mzima," Wangari akajibu, kiatu kimoja mkononi. Akatazama dirishani, akaketi. "Na wako?"