Namba Kumi na Saba

Mwaka 1995 nilikuwa na mpangaji pale Tabata, Gaudens, kijana wa Bukoba aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza watu ndani ya kompyuta. Si picha, namba tu, arobaini, waliopewa bomba moja, ndoo na kiu. Alitaka kuona kama wataishi siku mia bila askari wa kuwasimamia. Wakifa, anarudia mwaka.

Walikufa. Kila jioni alirudi na karatasi ndefu zenye vitundu pembeni, akanionyesha walipoanzia kunyang'anyana. Mtu akitoka kidogo kwenye foleni kwenda kumwangalia mtoto, akirudi nafasi haipo.

Nikamuuliza kama huko hawasogezeani ndoo. Kwetu maji ya mgao yalitoka Jumatano na Jumamosi, na ndoo ndiyo iliyopanga foleni. Mwenyewe anaweza kuwa jikoni. Foleni ikisonga, jirani yangu Mwamvita huzisogeza kwa mguu ndoo za wasiokuwepo, moja moja, huku akiwasema.

"Hii ya Tekla. Bado kalala. Huyu kaolewa na godoro lake."

Gaudens akakaa bombani Jumamosi mbili na daftari, kisha akawapa watu wake kanuni ya kusogezeana ndoo. Wakaishi, isipokuwa namba kumi na saba. Huyo alisogeza ndoo za wenzake tangu siku ya kwanza, na kila zamu yake ilipofika maji yalikuwa yamekatika. Siku ya thelathini na moja akafa.

Zilibaki siku mbili aende mbele ya walimu wake. Aliniambia anaweza kumfuta, aanze na watu thelathini na tisa, na hakuna atakayejua. Nikamwambia ajaribu. Kesho yake karatasi ilikuwa fupi. Bila kumi na saba wamegombana upya, na hakuna aliyevuka siku ya arobaini.

"Bibi, nifanyeje?"

"Mie kompyuta siijui. Ila usiwaambie kwamba hakuwepo."

Akamrudisha. Walimu walipouliza kwa nini huyo mmoja anakufa, alijibu kwamba hajui. Wakampa miezi miwili, hadi mwezi wa nane, ajue, la sivyo arudie mwaka.

Jumamosi maji yalikatika kabla ya zamu ya Mwamvita, naye alikuwa anaumwa bega, hivyo Gaudens akambebea ndoo tupu hadi kwake. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona ile njia. Walipopita kwa Tekla, Tekla akatia makopo mawili ya maji yake. Kwa mzee Bakari, matatu. Mlangoni kwangu nikatia yangu, kama siku zote. Walipofika kwa Mwamvita ndoo ilikuwa imejaa, na shati la Gaudens limelowa upande mmoja.

Akarudi kuniuliza kwa nini sikumwambia.

"Ulikuwa unaandika ya bombani, baba. Haya ni ya njiani."

Akamfuata Mwamvita kumuuliza kila mlango humtilia makopo mangapi. Mwamvita akasema hajawahi kuhesabu, na kama anataka kuhesabu aje tena Jumatano na bega lake.

Mwezi wa nane, akiwa amewapa watu wake kanuni ya kutiliana maji njiani, akaniletea karatasi ndefu kuliko zote. Nikavaa miwani, nikamtafuta kumi na saba kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi siku ya mia. Alikuwepo.