Nadhiri ya Mama Mkwe

Hayet alipojifungua, damu ilimtoka hadi madaktari wakakata tamaa. Mama yake, Bi Mannoubia, huko kwao Tozeur, akaweka nadhiri: mwanangu akipona, nitakwenda Kairuani mwenyewe, nikawashe mshumaa kwenye kaburi la Sidi Sahib, sahaba wa Mtume. Hayet akapona. Mama akaja Kairuani, alikoolewa Hayet, mshumaa kaufunga kwenye leso ndani ya kikapu, na kwa kuwa Hayet alikuwa na mtoto mchanga, mumewe Mondher ndiye aliyeambiwa amtembeze mkwewe.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Waliswali Msikiti wa Uqba, mama akizigusa nguzo kama anayesalimia ndugu. Wakapanda ghorofani kwenye kisima cha Barouta, ngamia akizungusha gurudumu la kuteka maji.

"Naye kapandishwa ngazi hizi?" mama akauliza.

"Zote, Mama."

"Basi mimi sina haki ya kulalamika."

Lakini jua lilipoanza kuinama, Mondher akawa haishi kutazama saa. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza, na kwa Sidi Sahib ni nje ya ukuta wa mji, mwendo mrefu kwa mama mzee mwenye magoti mabovu. Kwenye kichochoro akaona kijumba chenye kuba jeupe, mlango umefungwa.

"Tumefika, Mama. Wamefunga, lakini watu huwasha hapa hapa kizingitini."

"Padogo hivi?"

"Watu wa Mungu hawapendi makuu."

Mama akavua viatu. Akawasha mshumaa, akabusu mlango, akaegemeza paji la uso pale na kulia. "Ewe Mola, umenirudishia Hayet wangu. Na huyu mumewe, aliyenishika mkono hadi hapa, mhifadhi."

Mondher akageukia ukutani.

Mlango ukafunguka ghafla. Akatokea mwanamke mfuma mazulia, nywele zimejaa manyoya ya sufu. "Yuu! Mama, moto huo! Humu ndani sufu tupu!"

"Si kwa Sidi Sahib hapa?"

"Sidi Sahib? Mama wee, unabusu ghala langu! Nani kakuleta?"

Dirishani ng'ambo wanawake wawili wakaangua kicheko.

"Nimepotea njia, Mama," Mondher akasema.

"Wewe? Mzaliwa wa hapa?"

Papo hapo mkahawa wa pembeni ukalipuka: "Goli!" Shingo ya Mondher ikageuka kabla hajaizuia. Mama akautazama mkahawa, kisha akamtazama yeye. Hakupiga kelele. Aliuzima mshumaa, akaufunga tena kwenye leso, akavaa viatu.

"Nenda kwenye mpira wako. Mimi mdomo ninao, nitauliza njia."

Mondher hakwenda. Alimfuata nyuma nyuma, hana pa kuuweka uso. Aliponyoosha mkono ampokee kikapu, mama alikihamishia mkono wa pili. Walipopita kwa muuza mishumaa akajaribu tena: "Ngoja nikununulie mzima, Mama."

"Huu ndio niliotoka nao kwangu."

Kwa Sidi Sahib mlinzi alikuwa keshashika funguo, ila alimwonea huruma akampisha. Mondher alibaki uani. Akamsikia mama akianza dua upya: shukrani za Hayet, uzima wa Hayet, uzima wa mtoto. Akangoja jina lake. Dua ikaisha.

Nyumbani Hayet aliwapokea kwa bashasha, mtoto begani. "Haya, Mama, umeshiba ziara?"

"Nimefika kwa Sidi Sahib," mama akasema. "Miguu inawaka moto."

Hayet akamgeukia mumewe. "Mungu akulipe, Mondher. Hujui ulivyonifurahisha."

Angeweza kuitikia amina, yakaishia hapo. "Sikumfikisha," akasema, macho chini. "Nilimdanganya ili niwahi mpira. Akawasha mshumaa wa nadhiri yako kwenye ghala la sufu, watu wakamcheka. Kwa Sidi Sahib alijipeleka mwenyewe."

Hayet alisimama tu, tabasamu limemkauka. Mama ndiye aliyelisogeza sinia la kuskusi.

"Kaeni mle," akasema, bila kumtazama mkwewe.