Bipu Tatu

Mongi alipokwenda Istanbul kununua vitambaa, alimwachia mkewe Saloua sharti: bipu moja ni salama, bipu tatu ni jambo zito, na hapo Mongi mwenyewe atapiga. Kupokea bipu ni marufuku, maana simu ya ugenini hula salio kama moto.

Siku ya nne, simu ililia nyumbani Sfax mara moja tu. Saloua akaiwahi bipu ya Mongi kabla haijakatika, akapokea.

"Wee mwanamke! Unanimalizia salio!"

"Juzi nilikubipu tatu."

"Niliziona. Nikasema hilo domo lako lingoje nirudi."

"Bahili mkubwa wewe!"

"Sema upesi!"

Saloua akapakua kwanza kuskusi ya matanga, polepole makusudi, salio liendelee kuyeyuka.

"Mama yako tulimzika juzi ileile," akasema, akakata simu.