Ncha ya Mkonge

"Niliambiwa nisikimbie," Ndinda aliwaambia watoto, "na mimi nikakimbia."

Watoto wa shule ya Jumapili walitulia kwenye mabenchi ya kanisa la mabati, macho yote kwenye jicho lake la kushoto, lile jeupe. Mwalimu wao, Kaluki, aliketi nyuma karibu na mlango. Mwezi huo darasa lilikuwa likijifunza kutokana na ajali za utotoni, na Kaluki alikuwa ameshazimaliza zake: sufuria ya uji aliyoipindua, mbuzi aliyempoteza korongoni, nyuki aliowachokoza. Kila ajali alikuwa ameipatia mstari wake wa Biblia. Ilibaki moja tu, na hiyo hakuwahi kuigusa. Kisha mchungaji akasema, "Mwalimu, si dada yako mdogo anakuja kutoka Syokimau? Atoe ushuhuda." Angekataa kwa sababu gani?

"Nilikuwa na miaka mitano," Ndinda aliendelea. "Tulienda kubeba majani ya mkonge na huyu mwalimu wenu. Nikakimbia, nikaanguka, ncha ikaingia hapa. Lakini Mungu ni mwema. Alichukua jicho moja, akanipa utiifu. Tangu siku hiyo sijakimbia. Hata mvua ikininyeshea, mimi natembea tu."

Watoto wakacheka. "Amina?" akauliza.

"Amina!"

Kaluki aliitikia pamoja nao. Alitafuta aibu moyoni, akaikosa. Akatafuta uchungu, nao akaukosa. Moyo ulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu.

Ndinda hakukimbia. Kaluki, msichana wa miaka tisa, alikuwa mbele na mzigo begani, ncha zote zikitazama nyuma. Mama yao alikuwa amemwambia: kata ncha kwanza, ndipo ubebe. Lakini wenzake walikuwa mtoni wakicheza, naye alitaka awahi. Akageuka ghafla. Nyumbani alisema mtoto alikimbia akaanguka, na mama aliendelea kumwambia Ndinda hadi anaingia kaburini, "Ungesikia, mwanangu." Mtoto wa miaka mitano hukumbuka anachoambiwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo wa Kaluki ulikuwa umetembea miaka hamsini na miwili na haujachoka.

Jumatatu asubuhi Kaluki aliketi uani na rundo la majani ya mkonge aliyotaka kukwangua apate nyuzi za kusukia kiondo. Alikuwa akikata ncha, moja moja, akizitupa kwenye kopo la rangi. Ndinda alikuwa amekwisha kufunga mizigo, akisubiri gari la jirani limfikishe Machakos mjini. Mjukuu wake, Kamanthe, alikuwa akielekea langoni.

"Kamanthe! Usikimbie!" Ndinda alipaza sauti.

Mtoto hakuwa akikimbia. Alikuwa akitembea mikono imebana mbavuni, kama aliyejitwika mtungi.

"Bado unaanza na ncha," Ndinda alisema.

"Siku ile sikuanza nazo."

"Siku gani?"

Kaluki alikata ncha nyingine. Maneno yalimtoka kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi.

"Ndinda, wewe hukukimbia. Ulikuwa nyuma yangu, unatembea polepole. Uliniita, nikageuka na mzigo. Ncha sikuwa nimekata. Mama nilimdanganya."

 Ndinda alishika ukingo wa kigoda alichokalia kwa mikono miwili, kama mtu anayehofia kuanguka.

"Nilikuita niseme nini?"

"Ulisema nikungoje."

Kuku alipita kati yao, akadonoa ardhi, akaenda zake.

"Na jana ukaniacha niseme vile mbele ya watoto."

"Nilikuacha."

"Ukasema amina."

"Nilisema."

Kaluki alingoja. Angepigwa kofi angeshukuru, maana angalau angehisi kitu. Lakini Ndinda alikuwa akiangalia lile kopo tu, kwa jicho lake moja, kana kwamba anazihesabu ncha zilizomo.

"Sasa ule utiifu," alisema mwishowe, "nilipewa na nani?"

Kaluki, aliyekuwa na mstari kwa kila jambo, alikata ncha nyingine.

Honi ililia barabarani. Kamanthe alirudi kutoka langoni, hatua kwa hatua, akikwepa kila jiwe.

"Susu, gari imefika," alimwambia bibi yake.

"Mbona unatembea hivyo?" Ndinda alimwuliza.

Mtoto alishangaa. "Si ulisema nisikimbie?"

"Kimbia. Enda uambie dereva nakuja."

Kamanthe alimtazama bibi yake, kisha akamtazama Kaluki na kisu chake. Hakujua kama anatumwa au anafukuzwa.

"Kimbia, nimesema."

Akapiga hatua mbili za haraka, akasimama, akageuka kuangalia ni nani atakayemkemea.