Mteremko wa Ng'ombe

Bénédicte alipewa mteremko ule kwa sharti, na sharti lenyewe lilikuwa na pembe.

"Panda hiyo mizabibu yako," baba yake, mzee Ferdinand Havugimana, alimwambia. "Lakini siku ngombe zitarudia hapa, utangoa yote."

Wakati ule ng'ombe walikuwa hadithi tu. Vita vilikuwa vimewamaliza, na malisho yao juu ya ziwa dogo la Lac Vert yalibaki majani na mawe meusi ya volkano. Shamba lenyewe lilikuwa la siku nyingi. Mzungu aliyejenga ile nyumba ya mawe alipanda mzabibu mmoja barazani apate kivuli. Mwenyewe akaondoka, babu akabaki na nyumba, mzabibu ukabaki na babu. Bénédicte alikata vijiti vya mzabibu huo, akavipanda katika mashimo aliyoyachimba kati ya mawe. Watu wakamcheka: nani alime zabibu penye lava? Zikaota, zikazaa. Shangazi akawa anachuja divai, kaka anaosha chupa, mdogo wake Jolie anabandika karatasi zenye jina la shamba. Baba peke yake hakuwahi hata kulamba kidole.

"Siku mi nitakunywa hiyo kitu," alisema, "ngombe itapanda muti."

Halafu Jolie akachumbiwa na kijana wa Masisi, mtoto wa wafugaji, na mahari ikawa ng'ombe. Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Bénédicte naye alipiga vigelegele, maana alimpenda mdogo wake, kisha akaenda kusimama katikati ya mizabibu yake akalia. Kabla ya juma kwisha, baba alikwisha kukata nguzo za zizi na kuziegemeza kwenye ukuta wa chumba cha divai. Sikumbuki kumwona mzee akiwa na furaha vile, na sikumbuki nguzo zilizochukiwa vile.

Siku ya mahari ikafika. Pombe ya ndizi, kasiksi, ilikuwa imepikwa Katoyi kwa shangazi Dative, fundi asiye na mpinzani. Kazi ya kuileta alipewa Éphraïm, kaka yao, aliyeazima gari la rafiki yake lenye viti vipya. Kila mtoto wa huku anajua kwamba kasiksi inayochachuka hufunikwa kwa jani la mgomba ipate kupumua. Éphraïm akaogopea viti. Alikaza vifuniko vya madumu kwa nguvu zake zote, na barabara ya Sake ikafanya kazi ya kutikisa. Alifika amelowa kichwa mpaka viatu, madumu yamepasuka, nzi wakimsindikiza kama bwana harusi.

"Ulifunga bidon?" aliuliza shangazi Dative, aliyekuwa ametangulia kufika.

"Shangazi, niliogopa itamwangika."

"Na sasa haikumwangika?"

Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse kasiksi. Na wageni walikuwa wamekwisha kukaa. Msemaji wao, mzee Habarurema, alikuwa ameweka fimbo yake magotini na mdomo wake umefungwa, kwa sababu katika jamaa hizi habari ya msichana haisemwi na koo kavu. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, mbele ya macho ya wote, wageni wajue hakuna sumu. Asipoonja, hakuna anayekunywa. Wasipokunywa, hakuna ndoa.

Shangazi Dative alimgeukia Bénédicte. "Leta divai."

Bénédicte alimimina glasi ya kwanza. Mzee Ferdinand aliitazama, akatazama wageni, akamtazama Jolie aliyechungulia dirishani na machozi karibu.

"Bénédicte," alinong'ona, "hii kitu haitaniua?"

"Papa, haiyaue mutu."

Akanywa. Desturi inadai tone moja tu la kulowesha ulimi. Mzee alifumba macho. Kisha mzee akaimaliza glasi yote. Akainyoosha tena kwa binti yake, ijazwe.

"Ngombe imepanda muti!" shangazi Dative alipaza sauti, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mzee Habarurema alikunywa, akanywa tena, na ulimi wake ukafunguka vizuri mno. Jolie aliombwa, akatolewa, akaimbiwa. Mwishoni msemaji akasimama.

"Havugimana, ngombe ziko tayari. Utuonyeshe kwenye zitakula."

Macho ya Bénédicte yalikwenda moja kwa moja kwenye zile nguzo. Chupa aliishikilia kifuani kama mtoto aliye karibu kunyang'anywa.

Baba yake alisimama, glasi mkononi. "Zibakie kwenu ku Masisi. Muzichunge kwa jina yetu. Majani yenu iko muzuri kupita yetu."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Kumwachia mkwe ng'ombe wako si kumdharau. Ni kumwambia kwamba leo tumekuwa ndugu.

"Na wewe muzee utapata nini?" Habarurema aliuliza.

"Mutuletee samadi." Akamgeukia binti yake, na sauti yake ikashuka kidogo. "Mizabibu ya mutoto wangu inataka kula."

Bénédicte alicheka huku akilia, tena hakujificha, akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika ng'ambo ya ziwa.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mzee mteremkoni na jembe. Alikuwa anachimba mashimo, anasimamisha zile nguzo za zizi moja baada ya nyingine, na kuzifungia matawi ya mizabibu.

"Usisimame tu," alisema bila kuinua kichwa. "Leta kamba."