Boriti ya Chumba Cheusi

Kunegunda Galica alirudi Mrozówka, kijiji cha milimani kusini mwa Poland, baada ya miaka ishirini na miwili ya kusafisha ofisi za watu huko Chicago, akaikuta nyumba ya mama yake imeinama upande mmoja kama mtu aliyechoka kusimama. Mama alikuwa amezikwa kabla ya majira ya baridi. Sasa theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka juu ya paa, na maji yakichuruzika moja kwa moja hadi kwenye magogo ya chini, yale yanayobeba nyumba nzima. Kunegunda alibonyeza gogo la pembeni kwa kidole, na kidole kikazama kama kwenye mkate.

Mdogo wake, Jędrzej, mwenye gereji ya malori mjini Nowy Targ, alikuja Jumapili na habari. Amepata mnunuzi kutoka Kraków anayetaka kiwanja ajenge nyumba ya wageni. Hiyo nyumba ya magogo itavutwa kwa trekta, asubuhi moja tu imekwisha. Jędrzej hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba dada yake angefukiwa na paa akiwa usingizini. Kunegunda aliomba aachiwe hadi Pasaka.

Alijua vizuri kinachomkwamisha. Mafundi wa kijijini siku hizi walijenga kwa zege na matofali. Aliyebaki anajua kulichonga gogo la msonobari kwa shoka na kulikalisha penye pembe bila msumari alikuwa mmoja tu, Franciszek Mrowca, mzee wa miaka sabini na minne aliyeishi ng'ambo ya kijito. Na mtu wa ukoo wa Galica hakusemeshana na mtu wa ukoo wa Mrowca.

Ugomvi huo waliuanzisha mababu kwa ajili ya mpaka wa kipande cha msitu chini ya malisho ya kondoo. Kesi ilifika mahakamani enzi za Kaisari wa Austria, aliyetawala milima hiyo wakati huo. Baadaye Kaisari akaondoka, mafaili yakapotea, na msitu wenyewe ukachukuliwa na serikali. Kilichobaki ni ugomvi. Kunegunda alikuwa na miaka mitano alipofundishwa kuvuka upande wa pili wa barabara akimwona Mrowca. Alifundishwa pia kwamba babu mkuu, Sobek Galica, aliijenga nyumba ile peke yake, kwa mikono yake miwili, katika kiangazi kimoja.

Wiki moja kabla ya Pasaka alichukua ndoo, sabuni na mchanga akaanza kusugua kuta, kama wanawake wote wa pale wanavyofanya kila mwaka. Chumba cheupe, cha kupokelea wageni, kilikuwa tayari na rangi ya asali. Chumba cheusi hakijawahi kusuguliwa hata mara moja, kwa kuwa ndicho kilichokuwa jiko siku zile moshi ulipokuwa ukitoka mlangoni tu, na masizi yake yalikuwa mazito kama ngozi. Safari hii aliamua kukiosha nacho. Alijiambia kwamba hata maiti huoshwa kabla ya kuzikwa.

Alipanda juu ya benchi akasugua boriti kubwa ya dari. Maji meusi yalimtiririka hadi kwenye viwiko. Kwanza ilitokea nyota iliyochongwa, kisha mwaka, 1888, halafu jina la Sobek Galica, naye akatabasamu. Akaendelea kusugua. Lilitokea jina la pili, Wawrzyniec Mrowca, na chini yake maneno: tumejenga pamoja, mmoja kwa ajili ya mwenzake.

Aliyasoma mara tatu, midomo ikicheza. Kisha akashuka akakaa kwenye benchi lililolowa.

Alimpigia Jędrzej simu. Jędrzej akamwambia ayaache mambo ya kale yalivyo.

"Nani atayaona, dada?" alisema. "Hiyo boriti itakuwa kuni kabla ya mwezi wa tano."

Neno hilo, kuni, ndilo lililomvisha Kunegunda viatu.

Alimkuta Franciszek Mrowca uani kwake ananoa shoka. Akasimama langoni, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," mzee akajibu, kwa sababu salamu hiyo haikataliwi hata kwa Galica. Alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Umepotea njia, binti Galica?"

"Sijapotea, mzee. Nina kitu cha kukuonyesha."

"Kama ni mpaka wa msitu, umechelewa miaka mia."

"Si msitu. Ni jina la babu yako mkuu. Limo ndani ya nyumba yangu."

Mzee aliweka shoka chini. Alinawa mikono, akavaa kofia, akamfuata. Kizingitini aliivua kofia ile ile aliyotoka kuivaa. Alipanda benchi akasimama chini ya boriti muda mrefu, akipitisha dole gumba ndani ya herufi moja baada ya nyingine. Kisha akaenda kutazama pembe za ukuta, mahali magogo yanapokumbatiana, na hapo ndipo macho yake yalipolowa.

Alieleza kwamba bibi yake alikuwa akisema nyumba hizo zilikuwa pacha, moja kila upande wa kijito. Ile ya akina Mrowca Wajerumani waliichoma wakati wa vita, haikubaki hata picha. Hakuna aliyemwamini bibi.

"Niliwahi kulisema hilo shuleni," mzee alisema, "baba yako, tuliyekuwa darasa moja, akaning'oa jino kwa ngumi." Akafunua mdomo kumwonyesha pengo.

"Baba amekufa bila kujua," Kunegunda alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nimetafuna upande mmoja zaidi ya miaka sitini."

Kunegunda alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka. Mzee naye akacheka.

Halafu aliizunguka nyumba akigonga kila gogo kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Manne yamekufa, alisema. Yaliyobaki yana miaka mia nyingine.

"Nitaitengeneza. Lakini usidhani ni kwa ajili yako," alisema. "Hii ndiyo kazi pekee ya mkono wa babu mkuu iliyobaki duniani."

"Hilo linanitosha, mzee."

Jumamosi Jędrzej alifika na karatasi za mnunuzi, akakuta miguu ya mtu imechomoza chini ya nyumba. Kunegunda alimshika mkono akampeleka ndani, akamwacha asome mwenyewe. Alipotoka uso wake ulikuwa mwekundu. Mara sauti ilitoka kule chini.

"Wewe wa malori! Jeki zako zinabeba tani ngapi?"

Jędrzej alijibu kwamba huo ni wazimu mtupu. Jumatatu alirudi na jeki nne. Mnunuzi wa Kraków aliambiwa atafute kiwanja kingine.

Nyumba iliinuliwa kwa siku mbili, kidogo kidogo, ikilia kila kiungo, ili magogo yaliyooza yabadilishwe. Nusu ya kijiji ilikuja kutazama. Shangazi mmoja wa akina Galica alitangaza kwamba maandishi yale ni ya kughushi na hatakanyaga pale tena, na kweli hakukanyaga. Wengine walileta supu ya kabichi chachu na jibini la kondoo, na waliokuja kutazama wakaishia kubeba magogo.

Kazi ilipokwisha ulikuwa mwezi wa saba, na mgongo wa Franciszek ulikuwa umemgomea. Nyasi za shamba lake, za kulisha mifugo wakati wa baridi, zilikuwa zimekomaa, na redio ilitangaza mvua. Hakumwomba mtu. Asubuhi aliamka akamkuta Kunegunda kondeni na reki, Jędrzej na fyekeo, na binamu zao watatu nyuma yao.

Jędrzej alikata ovyo, mistari ikaenda upogo, na mzee akiwa juu ya kiti chake mlangoni alimuuliza kama anaendesha lori. Kunegunda hakuwa ameshika reki kwa miaka ishirini na miwili. Kufikia saa sita mchana viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipochoka na kufurahi kwa pamoja. Mvua ilianza kesho yake saa kumi jioni. Nyasi zote zilikuwa zimekauka na kuingia ghalani.