Pango Letu Limehamia Ulaya

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Ulaya, likizoni, nimevaa koti la shemeji yangu.

Koti lenyewe nilieleze kwanza. Shemeji yangu Singano, kaka yake mke wangu, alikwenda kumtembelea binti yake aliyeolewa huko, katika nchi ya milima ambayo jina lake analitamka tofauti kila siku. Alirudi na koti hilo na simu iliyojaa mapango. Jioni watu wanakaa barazani kwake wanapokezana simu, wanakuza picha kwa vidole viwili: mawe yanayoning'inia, mawe yaliyosimama, taa za zambarau, reli ndogo inayoingia tumboni mwa mlima. Hao hao ndio waliokuwa wakija kunisikiliza mimi. Mzee Mhina, ambaye kusoma nimemfundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, ananiita njiani ananiambia njoo uone pango. Mimi. Nione pango.

Sisi tulikuwa na pango. Kwekibaa, hapo kilimani, juu ya nyumba yangu. Ulikuwa ukifika unavua viatu, unapiga hodi, unasubiri. Tone likidondoka ndani ukalisikia, umekaribishwa. Lisipodondoka unageuka unarudi nyumbani, unakuja siku nyingine, wala huulizi sababu. Halafu mkandarasi wa barabara akaja na baruti, akachukua mawe aliyoyataka, akauacha mdomo wa pango umejaa kifusi. Waliompigia makofi kwenye mkutano ninawakumbuka kwa majina na kwa mashati. Singano alivaa la kijani.

Basi, katika ndoto tuko ndani ya treni. Treni imeanzia uani kwa Singano, nyuma ya banda la kuku, na hakuna anayeshangaa. Singano amekaa dirishani anatoa maelezo kabla ya kitu chenyewe kutokea. Anasema, kushoto mtaona ziwa, na ziwa linakuja mbio kujipanga kushoto. Anasema sasa theluji, na theluji inaanguka, lakini kwenye miguu yake tu, kwa heshima.

Nikamwambia mbona kwangu haianguki. Akasema kwa sababu mimi sikuweka nafasi mapema.

Treni ikasimama ndani ya hoteli, hoteli ikawa foleni, na foleni ikafika mlangoni pa pango. Hapo pana mama mmoja wa Kizungu mwenye sindano na uzi, na juu yake kibao cha masharti. Sharti la kwanza, asiachane mtu na kundi lake. Yule mama akaanza kutushona, mkono wa nguo kwa mkono wa nguo. Mimi nikashonwa kati ya Singano na bibi mmoja mstaafu aliyekuwa anatafuna karoti. Sharti la pili, usiguse kitu. Pembeni kuna kapu la mikono ya waliogusa mwaka jana, na mikono ile inawapungia wenyewe waliokuja kuitafuta. Sharti la tatu, usiache kitu chochote ndani. Mwanamume mmoja aliitwa arudi akachukue kikohozi chake. Akarudi, akakiokota, akakitia mfukoni, akaomba radhi.

Zamu yetu ikafika. Kundi likataka kuingia, mimi nikasimama. Nimekwisha vua viatu.

"Hodi," nikasema.

Foleni yote ikasimama kwa sababu tumeshonwa. Singano akanivuta, akaninong'oneza kwamba huku hawapigi hodi, huku wanaonyesha tiketi, nisimtie aibu mbele ya Wazungu. Nikamwambia siingii ndani ya mtu bila kukaribishwa. Bibi wa karoti aliuliza tunasubiri nini. Singano akamweleza kwa lugha ya huko kwamba mimi ni mgonjwa.

"Hodi," nikasema tena.

Ndani kukawa kimya. Halafu tone likadondoka. Lililia sauti ile ile, kama mtu anayeweka kikombe juu ya sahani kwa uangalifu, na sauti hiyo mimi naijua tangu sijaota meno ya mbele.

"Karibu, Kupaza," pango likasema. "Umenenepa."

Lafudhi ya kwetu kabisa. Hata ule mkato wa mwisho.

Sikumbuki tuliingiaje. Nakumbuka tuko ndani, na ni yeye. Ule ukuta wenye mkunjo kama shingo ya mzee, ni yeye. Lile jiwe ambalo mama zetu walilifunga kitambaa cheupe, lipo, ila sasa limefungwa taa. Wamemvika taa kila mahali, za zambarau, za kijani, na moja nyekundu mahali ambapo kwa kweli hapakuhitaji taa. Wamemwekea ngazi za chuma na kamba ya kushikia. Anapendeza. Hilo ndilo lililoniuma.

Mbele yetu anatembea Bwana Matija, ndevu rangi ya shaba, anayewatembeza wageni pangoni. Pango analiita kwa jina lingine, jina la kike, refu, lenye herufi zilizovaa kofia. Anasema wamekuwa naye tangu enzi za barafu. Anapita akimpapasa ubavuni kwa kiganja, yeye ambaye mkono wake haukupelekwa kapuni, na pango linacheka kidogo, chinichini, kama mtu aliyeshikwa mahali anapopapenda.

Mimi nimeshawahi kuona wivu. Nimewaonea watu wivu kwa baiskeli, kwa bati, kwa kusikilizwa. Huu ulikuwa mwingine.

Nikasema kwa sauti ya mkutanoni kwamba huyu ni wetu, ametoka Kwekibaa, na yeyote anayebisha aje nimwonyeshe mahali alipokuwa. Watalii wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya matembezi.

Chini kwenye dimbwi alikuwepo mjusi mweupe, urefu wa kidole, hana macho. Alinyanyua kichwa akauliza nani anayepiga kelele nyumbani kwa watu. Nikamuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye ninayekaa naye," mjusi akasema. "Sijala tangu mwaka juzi na sijalalamika. Wewe umekula leo?"

Nikasema nimekula muhogo.

"Ndiyo maana," akasema, akarudi majini.

Nilipogeuka kulisemesha pango, tayari hatuko pangoni. Tuko ofisi ya kijiji, siku ya mkutano wa mkandarasi. Viti vile vile, ile picha ya ukutani iliyopinda. Ila waliokaa vitini ni mawe. Mawe marefu yaliyosimama mbele, yale ya kuning'inia yananing'inia darini, na Bwana Matija anagawa maji. Mkandarasi anasema barabara italeta maendeleo. Jiwe moja la nyuma linauliza maendeleo ya nani, nami moyo wangu unaruka, kwa sababu hilo ndilo swali langu, nililiuliza mimi, na hakuna aliyelikumbuka ila jiwe. Singano anasimama na lile shati la kijani. Anapiga makofi. Kwa kuwa tumeshonwa, mkono wangu unapiga naye.

"Unaona," nikaliambia pango. "Unaona walichokufanyia. Mimi siku ile nilikuwa nakutetea."

"Nilikusikia," pango likasema. "Dunia nzima ilikusikia. Ulisema mali yetu, mali yetu, mara nyingi sana. Nikajiuliza, huyu naye. Tangu lini mimi ni mali?"

Nikautazama mkono wangu, bado umeshonwa kwa wa Singano.

Pango likaendelea taratibu, bila hasira, na afadhali lingekasirika. Likasema siku ya baruti lilisubiri. Waliposimama wale watu na nyaya zao, likajua wataanza na hodi, kwa sababu kila mtu huanza na hodi. Likaliandaa tone kabisa, likalishikilia kwenye ncha ya jiwe, liwakaribishe hata wao. Hawakupiga. Tone likadondoka pamoja na jiwe lenyewe. Ndipo likafunga virago, likashuka chini kwa chini, likapita chini ya bahari, chini ya jangwa, likatokea huku.

Nikauliza kama huku wanapiga hodi.

"Hawapigi," likasema. "Lakini baridi ikianza wananifunga nipumzike. Wanazima taa, wanaondoka kwa kunyata. Matija anaweka sikio ukutani anasikiliza kama nimelala vizuri. Wewe lini uliniuliza nimelalaje?"

Tumekwisha rudi pangoni, kwenye dimbwi, na bibi wa karoti amelala begani kwangu. Nikaona wakati unakwisha, maana taa za mwanzo zilikuwa zinaanza kuzimwa nyuma yetu, moja moja. Nikataka kuhutubia. Hotuba ilikuwa tayari, nimeibeba miaka yote, inaanza na wananchi wenzangu. Nikaitema kando. Mara mlinzi mmoja wa pango akatokea akaniambia niiokote, sharti la tatu, nami nikaiokota nikaitia mfukoni.

"Umelalaje?" nikauliza.

Mjusi alitoa kichwa majini asikie.

"Nalala upande mmoja," likasema. "Huku hakuna watoto wanaojificha mvua. Wanaokuja wote wana mwavuli."

"Basi rudi."

"Nikirudi utafanya nini?"

Nikasema nitaitisha mkutano. Mawe yote ya darini yakaguna. Nikasema basi kamati ndogo tu, ya watu wachache waaminifu. Yakaguna tena. Pango likaniuliza baada ya kamati nini, nikasema taarifa kwa wananchi, likauliza baada ya hapo, nikasema watu watajua kwamba Kupaza alisema kweli. Hilo lilitoka lenyewe, likatua chini, na hakuna aliyekuja kuniambia niliokote.

"Nitarudi," pango likasema mwishowe. "Sharti moja. Usinitangaze."

"Hata kidogo?"

"Ukinitangaza watakuja na taa."

Nikaomba nimwambie mtu mmoja tu. Likauliza nani. Nikamtazama Singano, aliyekuwa anapiga picha ya ncha ya jiwe bila habari, na nikawaza ule uso wake siku atakapojua, ile simu itakavyolala mezani bila wa kuishika. Niliiona furaha hiyo kwa macho, tamu kama muwa.

"Hasa huyo usimwambie," pango likasema.

Nikasema ndiyo. Nilisema polepole na iliniuma kama jino, lakini nilisema. Mjusi asiye na macho akatoka majini, akapanda suruali yangu mpaka begani, akaukata uzi kwa meno. Upande wa Singano ukafunguka. Mkono wangu ukawa wangu.

Nikaamka.

Kumekucha. Mke wangu Mwanakombo yuko uani anawasha moto kwa kuni mbichi, analalamika. Anasema leo moshi una wazimu gani. Nikatoka nimejifunga shuka. Kwetu moshi wa asubuhi hupanda juu, au upepo ukiwepo huenda kwa majirani, tukagombana. Leo hauendi juu. Umeinama. Unatambaa ardhini kama kamba, unapita chini ya majani ya migomba bila kuyatikisa, unapanda kilima, na pale kwenye kifusi unaingia katikati ya mawe. Unaingia tu, taratibu, haurudi. Kifusi kilichoshindiliwa hakivuti moshi, labda nyuma yake pawe na pango.

Mwanakombo akauliza naangalia nini. Nikamwambia kuni mbichi hizi.

Wakati huo huo Singano akaingia na kopo, amekuja kuomba kaa la moto, koti begani japo jua limekwisha toka. Akasalimia. Alikuwa anataka kugeuka kilimani, kama kila mtu anavyofanya akiingia uani kwetu, kuangalia hali ya mawingu.

Nikamshika mkono. Nikamvutia kigoda, nikamkalisha mwenyewe, mgongo kilimani, uso kwangu.

"Shemeji," nikamwambia, "hebu nisimulie Ulaya. Anzia mwanzo, usiruke kitu."

Alinitazama kama aliyeona kuku akisoma. Kisha akaweka kopo chini, akaanza na uwanja wa ndege. Nikaitikia kwa kichwa, nikauliza maswali, nikacheka pale alipotaka nicheke, na nyuma yake moshi wa jiko langu ukaendelea kuingia mlimani, bila hata mtu mmoja kupiga makofi.